Faili lipo, mashine inasema halipo: kisa cha mzani wa kahawa Mbozi

Saa kumi na nusu jioni karani wa AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) mmoja wilayani Mbozi alinipigia simu. Foleni ya wakulima ilikuwa imefika barabarani, magunia ya kahawa mbivu yamejaa chini ya mti, na kompyuta ndogo iliyounganishwa na mzani ilikuwa ikirudia sentensi moja tu: `bash: ./mizani: No such file or directory`. Maana yake, faili halipo. Lakini karani alikuwa analiona. Alinisomea jina lake, ukubwa wake, hata saa lilipoingia kwenye mashine.

"Kaka, lipo hapa, nalitazama kwa macho yangu. Mbona inasema halipo?"

Nilikuwa Mwanjelwa, mjini Mbeya, na sikuwa na jibu. Aliye karibu na kahawa anajua kwamba kahawa mbivu haisubiri fundi: ikichumwa leo imenywe maganda leo, ikilala ndani ya gunia inaanza kuchacha na ubora unashuka. Nikamwambia afungue daftari, apime kwa kusoma kioo cha mzani, aandike jina na kilo kwa mkono. Walimaliza kupima usiku, kwa tochi za simu. Kosa lilikuwa la skripti yangu, na ndiyo maana naandika kisa hiki chote, hatua kwa hatua, pamoja na zile nilizopotea.

(Wakulima wa huku huuita mtambo wa kumenya kahawa "CPU". Humu nitauita mtambo tu, usije ukachanganywa na prosesa ya kompyuta.)

Kilichokuwepo

Mashine ni Raspberry Pi 4, iliyofungwa mwaka 2022 ikiwa na Raspberry Pi OS ya biti 32 iliyojengwa juu ya Debian 11, aina mojawapo ya mfumo wa Linux. Ndani yake kuna programu mbili. Ya kwanza ni `mizani`, niliyoiandika kwa lugha ya C: inasoma uzito kutoka kwenye mzani kupitia waya, inahifadhi kwenye hifadhidata ya SQLite, inatoa risiti ya mkulima. Ya pili ni `tuma`, iliyoandikwa kwa Go, ambayo hupeleka jumla ya siku ofisini pale mtandao unapopatikana.

Matoleo ya mwanzo niliyaweka kwa mkono wangu. Msimu huu vituo viliongezeka, nikaandika skripti ya kusakinisha ili karani aendeshe amri moja tu na mimi nisisafiri. Skripti iliuliza `uname -m`, amri inayotaja aina ya mashine. Ikijibiwa `aarch64` inachukua kifurushi cha biti 64, ikijibiwa `armv7l` inachukua cha biti 32. Kisha inafuta programu ya zamani na kuweka mpya. Asubuhi ya siku ile ilijibiwa `aarch64`, ikafanya kazi yake bila kulalamika. Na `tuma` mpya iliwaka vizuri kabisa. Jambo hilo moja ndilo lililonipotezea muda kuliko yote, maana programu mbili zimetoka kifurushi kimoja, za usanifu mmoja (yaani zimejengwa kwa aina moja ya prosesa), moja inakimbia na nyingine inadaiwa haipo.

Nilikoanza kupapasa

Shaka ya kwanza iliangukia kadi ya kumbukumbu. Umeme ukikatika ghafla mara kwa mara kadi hizi huumia, na kadi iliyoumia huonyesha jina la faili huku yaliyomo yameharibika. Karani akalishusha faili upya mara tatu, bando likaisha, tukaongeza. Baadaye ndipo nilipomwomba aendeshe `sha256sum mizani`, inayotoa alama ya kipekee ya yaliyomo kwenye faili, na kunisomea herufi za mwanzo na za mwisho. Zililingana na za laptopu yangu. Faili lilikuwa zima tangu mwanzo. Amri hiyo ya sekunde mbili ndiyo iliyostahili kutangulia.

Shaka ya ruhusa haikudumu, kwa sababu faili lisilo na ruhusa ya kuendeshwa hutoa ujumbe mwingine kabisa, `Permission denied`.

Kesho yake alfajiri nilipanda Coaster ya kwenda Vwawa, nikashuka Mlowo, nikachukua bodaboda hadi kituoni. Katibu wa chama alikuwa ameshafika. Nilimwamkia, akaitikia, akanionyesha daftari la jana bila kusema neno lingine. Nikakaa kwenye mashine na kuandika `file mizani`.

Jibu lilikuwa refu, lakini sehemu iliyonisimamisha ni hii: `interpreter /lib/ld-linux-aarch64.so.1`.

Hapo ndipo penye kiini cha lile swali la karani. Programu nyingi za Linux hazijitoshelezi. Ndani ya faili kumeandikwa njia ya programu nyingine, kipakiaji, ambayo kerneli (kiini cha mfumo wa uendeshaji) huiita kwanza ili itafute maktaba zinazohitajika, yaani mafaili ya kazi zinazotumiwa na programu nyingi, na kuziunganisha kabla kazi haijaanza. Kipakiaji kisipokuwepo, kerneli hurudisha kosa la "faili halipo", na bash ya mashine ile, programu inayopokea amri, ikalipachika jina la programu niliyoiita. Nikaandika `ls /lib/ld-linux-aarch64.so.1`. Kweli, halipo. Kwa hiyo mashine haikuwa inadanganya. Kulikuwa na faili ambalo halipo, ila si lile tulilokuwa tunalitazama. Bash kuanzia toleo 5.2 huandika ujumbe ulio wazi zaidi, kwamba faili linalohitajika halikupatikana. Debian 11 ina toleo la nyuma ya hapo.

Nguzo na nyumba

Kwa nini basi mashine ya biti 32 ilijibu `aarch64`?

Chukua mfano wa umeme wa mashine ya kusaga. Nguzo iliyo nje ya nyumba inaweza kuwa na fezi tatu, lakini ndani ya nyumba fundi amevuta fezi moja. Ukimuuliza aliye kwenye nguzo atakujibu fezi tatu, na atakuwa amesema kweli. Ukinunua mota ya fezi tatu kwa jibu hilo, ukaileta sebuleni, haitazunguka.

Amri `uname` huiuliza kerneli, yaani nguzo. Prosesa ya Pi 4 inaweza biti 64 na biti 32 pia. Mwaka 2023 programu za kuwashia Raspberry Pi 4 zilibadilishwa, kerneli ya biti 64 ikawa ndiyo inayochaguliwa isipokatazwa, hata kama mfumo wote juu yake ni wa biti 32. Niliiapdeti mashine ile mwenyewe nilipopita kukagua, kerneli ikabadilika, na kila kitu kikaendelea kufanya kazi, maana kerneli ya biti 64 huendesha programu za biti 32 bila shida. Sikuona tofauti yoyote. Hakukuwa na tofauti ya kuona, mpaka siku skripti ilipouliza swali kwa asiyehusika.

Nikaiuliza mashine ileile kwa njia nyingine. `dpkg --print-architecture` ilijibu `armhf`, yaani vifurushi vya biti 32. `getconf LONG_BIT` ilijibu 32. `uname -m` ikabaki na `aarch64` yake. Majibu yote ni sahihi. Kila mmoja anasemea chumba chake.

Na `tuma` je? Programu za Go, zisipotumia maktaba za C, hubeba ndani yake kila kinachohitajika. Hazina kipakiaji wala haziulizi maktaba ya mashine. Kwazo kerneli pekee inatosha, kama mtu aliyekuja na waya wake mwenyewe akaunganisha moja kwa moja kwenye nguzo. Kwa hiyo lile jibu la `aarch64` lilikuwa sahihi kwa `tuma` na si sahihi kwa `mizani`. Hili nalisisitiza kwa sababu miongozo mingi huandika ugunduzi wa usanifu kana kwamba mashine ina jibu moja. Jibu linategemea programu unayotaka kuileta: ya kujitegemea inahitaji kujua kerneli, ya kutegemea maktaba inahitaji kujua maktaba zilizopo ni za aina gani.

Kulikuwa na njia fupi. Kwenye `/boot/config.txt` unaweza kuandika `arm_64bit=0`, mashine ikarudi kwenye kerneli ya biti 32, na skripti yangu mbovu ingepata jibu ililolitaka. Niliikataa. `tuma` mpya ingezimika papo hapo, na ningekuwa nimeikata nyumba ili ifanane na mota. Zaidi ya hayo Raspberry Pi 5, iliyotoka Oktoba 2023, haina kabisa kerneli ya biti 32, na chama kilikuwa kinafikiria kununua moja.

Maktaba nazo zikagoma

Nilikuwa na laptopu mgongoni. Nikajenga `mizani` upya kwa ajili ya biti 32, nikainakili kwa flashi, nikaiendesha. Safari hii mashine ilisema:

`./mizani: /lib/arm-linux-gnueabihf/libc.so.6: version 'GLIBC_2.34' not found`

Nilifurahi kuona kosa hili, maana kipakiaji sasa kilikuwa kimepatikana na ndicho kilichokuwa kinazungumza. Laptopu yangu ina Ubuntu 22.04, yenye glibc, maktaba kuu ya C kwenye Linux, toleo 2.35. Debian 11 ina glibc 2.31. Maktaba hii huweka alama ya toleo kwenye kila kazi yake, na programu inapojengwa huandikiwa alama za maktaba iliyokuwepo siku hiyo. Ya zamani hukubalika kwenye mashine mpya. Kinyume chake hakuna.

Mtu anaweza kudhani kwamba akiandika programu ndogo isiyotumia kitu chochote kipya atanusurika. Kwa toleo 2.34, la Agosti 2021, hanusuriki. Toleo hilo liliingiza maktaba ya nyuzi (threads), iliyokuwa faili la pembeni, ndani ya maktaba kuu ya C, na ile kazi inayoanzisha kila programu, `__libc_start_main`, ikapewa alama mpya. Kwa hiyo hata programu ya mstari mmoja, ikijengwa kwa kawaida kwenye mfumo wenye 2.34 au zaidi, itadai 2.34. Debian 11 nayo ilitoka mwezi huohuo wa Agosti 2021, ikiwa imeshajifunga na 2.31. Mpaka umepita hapo, na mashine nyingi za vyama na shule huku kwetu ziko upande wa nyuma wa mpaka huo.

Dawa yake ni kujenga kwenye mashine ya zamani kuliko zote unazozihudumia. Sikuwa na haja ya kutafuta mbali: niliweka kompaila kwenye Pi ileile ya mzani na kujengea hapo. Kisha nikauliza faili jipya linadai toleo gani la juu kabisa:

`objdump -T mizani | grep -o 'GLIBC_[0-9.]*' | sort -Vu | tail -1`

Likajibu `GLIBC_2.28`, na nilijua limetoka wapi: SQLite, ambayo nimeifunga ndani ya programu, hutumia `fcntl64`, kazi iliyopewa alama hiyo. Ikiwa 2.28 ndiyo dai la juu, basi hata Debian 10 ingelipokea. Saa tano asubuhi mzani ulianza kutoa risiti.

Kuna mtego mdogo kwenye kulinganisha matoleo, nami niliutega mwenyewe kwenye rasimu ya kwanza ya skripti mpya. Nililinganisha 2.4 na 2.31 kama namba za desimali. Kwa desimali, 2.4 ni kubwa. Kwa matoleo, 2.4 ni ya nne na 2.31 ni ya thelathini na moja. Kwenye ARM ya biti 32 mtego huu haukwepeki, maana alama ya chini kabisa ya glibc huko ni hiyohiyo `GLIBC_2.4`, utakutana nayo kila siku. `sort -V` inajua tofauti.

Kituo cha pili kilikuja na lake

Nilidhani nimemaliza. Chama kina kituo kingine kilomita chache ndani zaidi, kinachotumia Raspberry Pi Zero W. Kabla ya kuondoka kwangu Mbeya nilikuwa nimemwomba kijana anayekisimamia ajaribu kwenye folda ya pembeni faili jingine la biti 32 nililolijenga kwenye laptopu, la majaribio, lililobeba maktaba zote ndani. Alinitumia picha ya skrini yenye maneno mawili: `Illegal instruction`. Prosesa imepewa amri isiyoijua.

Pi Zero W ina prosesa ya kizazi cha ARMv6. Neno `armhf` kwenye Debian ya kawaida, na kwenye kompaila ya Ubuntu, maana yake ni ARMv7 kwenda juu. Lakini Raspbian, mradi ulioanza mwaka 2012 kwa kuijenga Debian upya ili iendane na Pi ya kwanza, nao uliita vifurushi vyake `armhf`, ingawa ni vya ARMv6. Jina moja, vitu viwili. Hapa `dpkg` ndiyo isiyokusaidia, inajibu `armhf` kote kote, na `uname -m` niliyotoka kuilaumu ndiyo inayosema kweli inayotakiwa: `armv6l`.

Kwa bahati nzuri lile faili nililolijenga juu ya Pi 4 lilifaa na kwa Zero bila kuguswa, kwa sababu kompaila ya Raspberry Pi OS ya biti 32 hujenga kwa ARMv6 isipoambiwa vingine. `readelf -A mizani` ilionyesha `Tag_CPU_arch: v6`. Lile la laptopu lilionyesha v7.

Skripti ilivyo sasa

Inaanza kwa kumuuliza shahidi aliye hai. Kila programu inayokimbia inaweza kujisoma kupitia `/proc/self/exe`, na baiti ya tano ya faili la ELF (muundo wa faili za programu za Linux) husema wazi: 1 ni biti 32, 2 ni biti 64. Amri `head -c 5 /proc/self/exe | od -An -tx1` kwenye mashine ya mzani hutoa `7f 45 4c 46 01`. Hapo `head` yenyewe ndiyo inayojieleza, na kwa kuwa yenyewe inakimbia, mazingira yake yapo na yanafanya kazi. Kisakinishi cha lugha ya Rust hutumia hila hii, na sijaona iliyo rahisi kuliko hiyo kwenye mashine isiyo na `dpkg`. Baada ya hapo skripti inaangalia `uname -m` kwa jambo moja tu, kizazi cha prosesa. Toleo la maktaba inalipata kwa `getconf GNU_LIBC_VERSION`. Kwenye Alpine, Linux nyingine inayotumia maktaba ya musl badala ya glibc, jibu hilo halipatikani, na skripti inasimama hapo.

Nimeacha `ldd` nje. Inafaa kwa programu yako mwenyewe, lakini katika hali fulani huweza kuiendesha programu unayoichunguza, na mwongozo wake unaonya juu ya hilo. Kwa faili usilolijua, `objdump -p` ikichujwa kwa `NEEDED` inakupa majina ya maktaba bila kuendesha kitu.

Badiliko ninalolithamini kuliko hayo yote halihusu usanifu. Skripti haifuti tena programu ya zamani. Inaiweka mpya pembeni, inaiendesha kwa `./mizani --toleo`, na ikijibu ndipo inabadilisha kwa `mv` moja. Ikishindwa, inaandika sababu kwa Kiswahili na kuondoka, na mzani unaendelea na toleo la jana. Ningelifanya hili mapema, wakulima wale wasingepimiwa kwa tochi, hata kama ugunduzi wangu wa usanifu ungebaki mbovu vilevile.

Karani aliingiza rekodi za daftari kwenye mfumo siku mbili baadaye, mstari kwa mstari, katibu akimsomea. Safu mbili zilikuwa na majina yaliyofanana na kilo zilizofutwa na kuandikwa upya. Wahusika waliitwa, wakaonyesha vikaratasi walivyoandikiwa usiku ule, na hesabu zikakubaliwa mbele yao.

Limebaki jambo moja la msimu ujao. Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, imebadilisha kipimo cha muda kwenye `armhf` kutoka biti 32 kwenda 64, kwa sababu saa ya biti 32 inajaa Januari 19, 2038. Programu ya biti 32 iliyojengwa kwenye Debian 11 na inayopeana muda na maktaba nyingine inaweza kusomana vibaya na maktaba za huko, ingawa jina la usanifu litabaki `armhf`. `mizani` imebeba SQLite yake ndani, na glibc bado inahifadhi kazi za zamani, hivyo natarajia itapita. Hata hivyo nimeandaa kadi mpya yenye mfumo wa biti 64 kwa ajili ya ile Pi 4, na nimekubaliana na katibu kwamba haitachomekwa mpaka gunia la mwisho la kahawa ya msimu huu liwe limeshatoka kwenye mtambo.